Sumu Inayong'aa: Taa ya Buluu Inatuambia Nini Kuhusu Karanga Zetu?



 

Ndugu wasomaji, makala hii imetokana na swali la mwanafunzi. Mwaka jana, baada ya sala ya Isha, nilimtuma kijana mmoja wa darasa la Juzuu Amma dukani, hapa hapa Mkomaindo, akaninunulie betri za tochi kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Akarudi mbio huku anahema. "Ustadhi, kanzu yangu imewaka!" Nikadhani moto. Kumbe alikuwa amesimama kwenye kaunta gizani, mwenye duka akawasha kile kitaa cha buluu cha kukagulia noti, na mikono ya kanzu ya kijana ikang'aa weupe wa kibuluu kama mbalamwezi.

Kesho yake tulimwomba mwenye duka atuazime kitaa kile kwa usiku mmoja. Tukazima taa zote za madrasa, tukamulika kila kilichokuwepo: kanzu, kofia, kucha, noti, makaratasi ya daftari. Mwisho tukaingia stoo, ambako kulikuwa na magunia mawili ya karanga tuliyonunua kwa ajili ya chakula cha Maulidi. Tulipomwaga karanga kwenye ungo na kuzimulika, baadhi ziling'aa buluu hafifu, na chache zikatoa rangi ya kijani-manjano yenye kukoza. Wanafunzi wakagawanyika. Hawa wakasema zinazong'aa ndizo zenye sumu, wale wakasema zinazong'aa ndizo nzima, kwani kitu kizuri hung'aa. Wakanigeukia mimi.

Sikuwa na jibu. Diploma yangu ni ya masomo ya Kiislamu, na kemia niliiacha kidato cha nne. Nikawaambia wasubiri, nikaenda kwa mwalimu wa kemia wa sekondari jirani, nikasoma na vitabu alivyonipa. Haya ninayoyaandika ni yale niliyoyapata, na nimeona tusiyafungie darasani, kwa kuwa yanagusa sufuria ya kila nyumba ya Masasi na Newala.

MWANGA TUSIOUONA

Mwanafunzi anayejua rangi za upinde wa mvua anajua kuwa upande mmoja zinaanza na nyekundu na upande wa pili zinaishia kwenye urujuani, yaani zambarau. Lakini mwanga hauishii hapo. Baada ya urujuani upo mwanga mwingine ambao macho yetu hayakupewa uwezo wa kuuona, nao huitwa urujuanimno. Jua linautoa kila siku, na kitaa cha kukagulia noti kinautoa pia. Ile buluu mnayoiona kwenye kitaa ni masalio tu. Kazi kubwa inafanywa na mwanga msiouona. (Na kwa sababu hiyo hiyo msikitazame kitaa hicho moja kwa moja. Jicho haliwezi kujikinga na kisichoonekana.)

Sasa, vitu vyote vimejengwa kwa chembe ndogo sana zinazoitwa molekuli. Baadhi ya molekuli, hasa zile zenye kaboni zilizopangwa katika umbo la pete, zikipigwa na urujuanimno huumeza, kisha huutoa tena ukiwa umepungua nguvu. Fikiria mtoto aliyepanda mkorosho hadi juu. Kwanza huteremka matawi mawili matatu kimya kimya, halafu huruka chini kutoka tawi la chini. Nguvu iliyopotea kwenye yale matawi ni joto kidogo tu. Ile ya mruko wa mwisho ndiyo mwanga tunaouona. Kwa kuwa mruko ni mfupi kuliko mpando, mwanga unaotoka ni dhaifu kuliko ulioingia, na hivyo hushuka kutoka urujuanimno usioonekana hadi buluu au kijani kinachoonekana. Jambo lote hili huchukua muda mfupi kuliko sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Ukizima kitaa, na mng'ao hufa papo hapo.

Wataalamu huuita mng'ao huu fluoresensi. Mwaka 1845 John Herschel wa Uingereza aliona maji yenye kwinini, dawa ya malaria ambayo wazazi wetu wanaukumbuka vizuri uchungu wake, yakitoa buluu ya ajabu yanapopigwa na jua. Mwaka 1852 George Stokes akaeleza kuwa buluu hiyo inazaliwa na mwanga wa urujuanimno.

Kanzu ya kijana wetu basi haikuwa na muujiza. Watengenezaji wa sabuni za unga huchanganya humo molekuli za namna hii ili nguo nyeupe ionekane nyeupe zaidi juani. Hata nge aliyejificha chini ya jiwe, ukimmulika kwa kitaa hiki usiku, ngozi yake hung'aa kijani cha kibuluu.

MOLEKULI INAYOJIBU

Hapa ndipo mambo yanapokuwa mazuri. Molekuli hizi haziwaki tu na kuzimika zenyewe. Nyingine hubadilika kwa sababu ya kilicho jirani nazo.

Mwalimu wa kemia alinionyesha kwa soda ya toniki, ile chungu yenye kwinini. Aliimimina kwenye glasi, akaimulika, nayo ikang'aa buluu kama bahari ya Mikindani. Kisha akatia kijiko cha chumvi ya kawaida ya jikoni na kukoroga. Buluu ikafifia mbele ya macho yetu. Kwinini ilikuwa bado imo, haikwenda popote. Ila chembe za kloraidi zilizomo kwenye chumvi huigonga molekuli ya kwinini iliyokwisha kupanda juu, zikaishusha kimya kimya kabla haijaruka. Nguvu ikawa joto, mwanga haukutoka.

Tazama maana yake. Asiyejua kilichotiwa kwenye glasi anaweza, kwa kutazama tu mng'ao unavyopungua, kujua kuwa chumvi imeingia, na akipima kwa chombo, kujua hata imeingia kiasi gani. Molekuli imekuwa mpelelezi. Siku hizi wanakemia hutengeneza wapelelezi hawa kwa makusudi. A. Prasanna de Silva, mzaliwa wa Sri Lanka aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Queen's kule Belfast, alijenga molekuli zenye sehemu mbili zilizounganishwa: upande mmoja taa, upande wa pili kikombe kidogo cha kupokelea. Kikombe kikiwa kitupu, huiibia taa nguvu yake na taa haiwaki. Sodiamu ikikaa ndani ya kikombe, wizi unakoma na taa inawaka. Molekuli za aina hii zimetumika katika mashine za hospitali za kupima chumvi za damu kwa dakika chache.

Lakini ipo molekuli nyingine ambayo hakuna mwanadamu aliyeikusudia. Inatengenezwa na ukungu, tena ndani ya karanga.

BATA MZINGA WA 1960

Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa muda mfupi kwa ugonjwa usiojulikana. Hata jina hawakuwa nalo, wakauita ugonjwa wa X. Uchunguzi ukaelekea kwenye chakula chao, mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Na si Brazil peke yake: wakati huo huo huku kwetu Afrika Mashariki, Kenya na Uganda, vifaranga vya bata vilikuwa vikifa kwa kulishwa mashudu ya karanga za hapa hapa.

Katika mashudu yale walimkuta kuvu aitwaye Aspergillus flavus, na kutokana na jina lake sumu ikaitwa aflatoksini. Kwa Kiswahili leo tunasema sumukuvu, ingawa neno hilo linabeba na sumu nyingine za kuvu. Wataalamu walipoitenga sumu hiyo na kuitandaza juu ya kibao maalumu, kisha wakamulika kwa urujuanimno, walikuta madoa yanayong'aa. Mengine ya buluu, mengine ya kijani. Basi wakazipa majina kwa herufi za kwanza za rangi hizo kwa Kiingereza: B kwa buluu, G kwa kijani. Ndiyo maana mpaka leo tunasikia aflatoksini B1, B2, G1 na G2. Ni sumu iliyopewa jina kwa mng'ao wake.

Ubaya wake ni huu. Akila mtu nyingi kwa muda mfupi, hutapika, tumbo huuma, macho huwa manjano, ini hushindwa na anaweza kufa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na kufa 125 kwa mahindi yenye ukungu. Mwaka 2016 hapa kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, iliua watu wapatao 20. Na akila kidogo kidogo kwa miaka, haoni kitu, lakini aflatoksini B1 ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya ini vilivyothibitishwa kabisa, na hatari huzidi mara nyingi kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Watafiti pia wameihusisha na kudumaa kwa watoto.

ALIYE HATARI ZAIDI HUNG'AA KIDOGO

Nilipofika hapa nilidhani nimepata jibu la wanafunzi: kinachong'aa ni sumu, kitupwe. Mwalimu wa kemia akacheka. Akaniambia, "Ustadhi, polepole."

Kati ya hizo nne, B1 ndiyo kali kuliko zote. B2 inafanana nayo karibu kila kitu, isipokuwa mahali pamoja pembeni mwa molekuli. Katika B1, kaboni mbili za mahali hapo zimeshikana kwa mikono miwili. Katika B2 zimeshikana kwa mkono mmoja. Tofauti ni hiyo tu. Lakini ikiwa ndani ya maji, B1 hung'aa kwa udhaifu, na B2 hung'aa kwa nguvu. Ule mkono wa pili ndio unaoifanya B1 izimwe na maji, mfano wa kwinini na chumvi.

Na mahali hapo hapo ndipo ini linapoishikia. Kimeng'enya cha ini hukutana na ule mkono wa pili, huufungua na kuubandika oksijeni, na molekuli inayopatikana hujigandisha kwenye vinasaba vya seli. Saratani huanzia hapo. B2, isiyo na mkono huo, ina sumu ndogo sana ukilinganisha. Kwa hiyo sehemu ile ile inayoipunguzia B1 mwanga ndiyo inayoipa ukali wake. Nilipoelewa jambo hili nilikaa kimya kitambo.

Wataalamu wameligeuza kuwa faida. Katika maabara huitia B1 bromini kidogo. Bromini inaukamata ule mkono wa pili, mkono unafungwa, maji hayawezi tena kuizima, na B1 iliyokuwa imejificha inawaka ghafla. Chombo husoma mwanga huo na kutoa namba. Huyo ndiye mpelelezi wa kweli: sumu yenyewe inalazimishwa kujitaja.

TULICHOKIONA STOO

Je, ile kijani-manjano iliyokoza kwenye karanga zetu ilikuwa nini? Uwezekano mkubwa ni kwamba haikuwa aflatoksini. Kuvu yule yule hutengeneza kitu kingine kiitwacho asidi ya koji, na punje ikiwa bado mbichi, kimeng'enya cha mmea hukibadilisha kikawa kitu chenye mng'ao wa kijani-manjano. Wanunuzi wa mahindi katika nchi nyingine hutumia alama hii kuchagua shehena za kupeleka maabara. Huko Uturuki wafanyakazi hukaa katika vyumba vya giza, tini zilizokaushwa zikapita mbele yao chini ya taa za urujuanimno, nao huokota zile zenye rangi hiyo na kuzitenga.

Lakini alama hiyo inasema tu kwamba kuvu alipita hapa punje ikiwa hai. Wapo kuvu wa jamii hiyo wanaotengeneza asidi ya koji bila kutengeneza sumu, na hapo utatupa chakula kizima. Na kinyume chake ndicho cha kuogopesha. Karanga ikisha kukauka na kufa, kisha ikapata unyevu gunia likiwa ghalani, kuvu anaweza kumea na kuijaza sumu bila ile kijani-manjano kutokea kabisa. Ukiimulika utaiona safi. Ama ile buluu hafifu tuliyoiona kwenye karanga nyingi, mimea ina vitu vyake vya asili vinavyong'aa hivyo bila madhara yoyote.

Kwa hiyo makundi yote mawili ya wanafunzi wangu yalikosea, na mimi niliyenyamaza sikuwa bora kuliko wao. Nawaomba wazazi: msinunue kitaa cha noti mkadhani mmenunua maabara.

PUNJE MOJA NA GUNIA ZIMA

Upimaji wa kweli unaanza kwa kusaga. Chakula husagwa, huloweshwa kwenye methanoli na maji ili sumu itoke, kisha maji hayo hupitishwa kwenye kijibomba chenye kingamwili, molekuli zinazoishika aflatoksini peke yake na kuacha mengine yapite. Baada ya kuoshwa, sumu huachiliwa, hutiwa bromini na kusomwa mng'ao wake. Siku hizi pia kuna vijikaratasi vya kupimia vinavyoonyesha mstari, vyepesi kwa ghala na kiwanda. Hapa Tanzania usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwa karanga na mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja, na kati ya hizo B1 isizidi 5. Umoja wa Ulaya kwa karanga za kuliwa moja kwa moja wanataka 4 na 2. Mikrogramu 10 kwa kilo ni ndogo kiasi gani? Sekunde bilioni moja ni karibu miaka 32. Kiwango chetu ni sawa na sekunde 10 ndani ya miaka hiyo 32, yaani karibu umri wangu wote.

Sasa chukueni kalamu, wanafunzi wa hesabu. Wachunguzi wamewahi kukuta punje moja moja za karanga zilizooza zenye zaidi ya mikrogramu 1,000,000 kwa kilo. Punje ya nusu gramu yenye kiasi hicho inabeba mikrogramu 500. Itieni katika gunia la kilo 50 la karanga safi kabisa, msage zote pamoja. Gawanyeni 500 kwa 50. Mtapata 10. Punje moja imelifikisha gunia zima kwenye ukomo wa sheria.

Hesabu hii ina pande mbili. Upande mmoja unaeleza kwa nini ni vigumu kupima: ukichota viganja viwili kutoka juu ya gunia unaweza kuikosa punje hiyo na ukasema gunia salama. Ni lazima kuchota sehemu nyingi, juu, kati na chini. Upande wa pili una habari njema, nao ni kwamba sumu nyingi imo katika punje chache, na punje hizo mara nyingi mkono na jicho vinaweza kuzitambua.

UKUNGU WA NEWALA NA UKUNGU WA KARANGA

Lugha yetu imefanya jambo la busara kuita vitu viwili kwa jina moja. Ukungu ni ule unaofunika Newala asubuhi za kipupwe hata usimwone jirani, na ukungu ni huu unaoota kwenye chakula. Wa kwanza unamlea wa pili. Mtu aliyevuna karanga kabla mvua hazijakwisha, akazirundika chini sakafuni, akafunika turubai usiku na asubuhi akachelewa kufunua, amemwandalia kuvu nyumba.

Kuvu huanzia hata shambani. Mvua zikikatika mapema na udongo ukawa moto na mkavu huku karanga zinajaza, au mchwa wakatoboa maganda, huingia kabla ya jembe. Ndiyo sababu mabwana shamba wanasisitiza kuvuna kwa wakati na kupanda mbegu bora. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimefanya kazi ya mbegu za karanga kwa miaka mingi, na mojawapo ya mbegu zake inabeba jina letu: Masasi 2009.

Baada ya kuvuna, kausheni juu ya turubai au chanja, si juu ya ardhi tupu, mpaka ukilitikisa ganda usikie punje inalia ndani. Liko jambo moja ambalo limezoeleka sana nalo lina madhara makubwa: kunyunyizia maji maganda yaliyokwisha kukauka ili yawe laini na vidole visiumie wakati wa kumenya. Najua maumivu ya vidole hivyo, nimemenya karanga za mama yangu utoto wangu wote. Lakini maji hayo yanarudisha unyevu wote tuliouondoa kwa siku kadhaa za jua. Na wapo wanaonyunyizia si kwa ajili ya vidole bali kwa ajili ya mizani, ili gunia liwe zito.

Hapo ndipo nilipokumbuka hadithi aliyoisimulia Abu Huraira (R.A.), iliyomo katika Sahihi Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Akamuuliza muuzaji ni kitu gani. Muuzaji akasema imenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu, watu wakaiona, kisha akatamka kuwa mwenye kudanganya si katika sisi. Nimeifundisha hadithi hii kwa miaka kama somo la uaminifu wa biashara, na ni somo hilo kweli. Sikuwahi kufikiri juu ya kile kinachotokea baadaye ndani ya lundo lililolowa katikati.

Kwa mahindi kuna kipimo cha unyevu kisicho na gharama. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia chumvi iliyokaushwa vizuri na punje kiasi, funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 au karibu na hapo, rudisha juani. Ikibaki kavu chini, yanaweza kuhifadhiwa. Chumvi ile ile iliyozima kwinini, leo inafanya kazi nyingine.

Kisha kuchambua. Ondoeni punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizopasuka, zilizotobolewa na zenye ukungu. Msiseme zitaiva: B1 haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 260, na maji yetu yanachemka kwa 100. Kukaanga kunapunguza kiasi, hakumalizi. Kuosha hakutoi kilichomo ndani.

Linabaki suala gumu, nalo ni wapi ziende zile zilizochambuliwa. Tuseme ukweli. Katika nyumba nyingi punje nzuri ndizo huuzwa, na makapi ndiyo hubaki ya kusaga kwenye kinu, yakatiwa kwenye kisamvu au kwenye unga wa uji wa lishe wa mtoto mdogo. Katika unga hakuna anayeona kitu. Hivyo mtoto wa miezi minane, ambaye ini lake ndilo changa kuliko yote nyumbani, anapewa sehemu mbaya kuliko zote. Kuwapa kuku au ng'ombe si dawa, kwani baadhi ya sumu hurudi kwetu, hasa katika maziwa. Si rahisi kumwambia mama aliyebakiwa na debe moja mwezi wa pili atupe robo yake, na mimi siwezi kumlaumu. Ninachoweza kusema ni kwamba kama kuna kiganja kimoja tu cha karanga nzuri katika nyumba, kiwe cha uji wa mtoto, na zilizooza zifukiwe.

Ama karanga zetu za Maulidi, tulizimwaga zote juu ya majamvi, darasa zima likakaa kuchambua mchana kweupe bila kitaa chochote. Kazi ilichukua alasiri mbili. Tulitoa karibu debe moja la makapi katika magunia mawili, tukachimba shimo nyuma ya madrasa na kulifukia. Mpishi alinung'unika kidogo.

Kitaa tulikirudisha kwa mwenye duka siku ya tatu, kwa kuchelewa, naye alikuwa na haki ya kukasirika. Kijana wangu alibaki na swali moja: mbona kanzu iliwaka na kofia yake, nayo nyeupe, haikuwaka? Tukauliza nyumbani kwao. Kanzu hufuliwa na dada yake kwa sabuni ya unga. Kofia hufua bibi, kwa sabuni ya mche, na hataki mtu mwingine aiguse.

Wabillahi tawfiq.